Kufufua Kipimo Kikuukuu cha Uchachu wa Maji ya Kunyweshea Miche

Chombo kidogo cha umeme kipimacho uchachu wa maji, ambacho wengi hukiita kipimo cha pH, hupatikana siku hizi katika vitalu vingi vya kahawa, miti, mboga na maua. Mara nyingi kimelala ndani ya droo au juu ya rafu, kifuniko chake kimekauka, chumvi nyeupe imekizunguka, na mwenyewe hakumbuki alikitumia lini mara ya mwisho. Siku miche inapoanza kugeuka manjano ndipo akikumbukapo. Hukitoa, hukifuta vumbi kwa pindo la shati, hukitia betri mpya, hukichovya katika ndoo ya maji, nacho humjibu: 7.0. Basi mwenye kitalu hufurahi, akasema kwamba maji yake ni mema, akaenda dukani kununua dawa ya ugonjwa usiokuwapo.

Karatasi hii yaeleza namna ya kukirudishia nguvu kipimo cha namna hiyo, na namna ya kujua kama kimepona kweli. Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni hili: kipimo kilichokufa hakinyamazi. Huendelea kuonyesha tarakimu, na tarakimu ionyeshwayo zaidi na kipimo kilichopasuka kioo ni ile ile 7 ambayo mkulima hupenda kuiona. Sababu yake itaelezwa hapa chini.

Tarakimu ile yasema nini

Uchachu wa maji huhesabiwa kwa daraja, tangu 0 mpaka 14. Maji yasiyoelekea upande wowote husimama katika 7. Chini ya 7 ni upande wa tindikali, na maji ya ndimu hukaribia 2. Juu ya 7 ni upande wa magadi, na maji ya Ziwa Natron hupita 10. Hesabu hii ilitungwa mwaka 1909 na Bwana Søren Sørensen, mtaalamu wa kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, ambayo mwanzilishi wake alikuwa mpika bia. Wakulima tumeipokea kutoka kwa watu wa bia, nayo yatufaa sana.

Lakini daraja hizi si kama inchi za rula. Kila daraja moja ni mara kumi. Maji ya 6 yana uchachu mara kumi kuliko maji ya 7, na maji ya 5 yana uchachu mara mia. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kipimo chake kimekosa daraja moja tu, neno hilo "tu" si mahali pake.

Miche mingi ya kitaluni hupendezwa na maji yaliyo baina ya 5.5 na 7. Shida ni kwamba mahali pengi maji hayako hapo. Pande za Arusha chini ya Mlima Meru, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, chemchemi na visima vina magadi, kwa kuwa maji yamepenya katika majivu na miamba ya volkano. Mche uliokwisha kuhamishiwa shambani huvumilia zaidi, maana udongo wake ni mwingi na mvua huuosha. Mche ulio ndani ya kiriba una konzi mbili tatu za udongo, nao hunyweshwa maji yale yale kila siku kwa miezi. Polepole udongo ule hugeuka kuwa wa magadi. Chuma kilichomo hushikwa kisiweze kuingia mizizini, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Upande wa pili nao una hasara zake: maji machachu mno huunguza ncha za mizizi, na udongo ukichachuka huachilia alumini na manganizi kupita kiasi.

Hiyo ndiyo sababu wenye vitalu hutia tindikali kidogo katika pipa la maji, wakatazama kipimo, wakaacha kifikapo 6 au karibu na hapo. Ni kazi njema ikiwa kipimo chasema kweli. Hebu tufanye hesabu ya kipimo ambacho husoma 7 sawasawa, ila nguvu zake za kutofautisha zimepungua, zimebaki sehemu 6 katika 10. Kwa kuwa huanza kuhesabu kutoka 7, kila kitu hukivuta karibu na 7. Maji ya kisima yaliyo 9.5 kitayaita 8.5. Kisha mwenye kitalu atia tindikali, achanganya, atia tena, mpaka dirisha la kipimo lionyeshe 5.5, naye aridhika. Kweli yenyewe ni 4.5. Amemwagia miche yake maji yenye uchachu mara kumi kuliko alivyokusudia, tena amefanya hivyo kwa uangalifu wote. Asingalikuwa na kipimo kabisa, huenda angaliogopa kutia tindikali nyingi hivyo.

Jinsi chombo kilivyoundwa

Ukikitazama kipimo chako upande wa chini, utaona tufe dogo la kioo, jembamba mno. Hilo ndilo kiungo kikuu, nalo na waya wake wa ndani huitwa elektrodi. Ndani ya tufe mna maji maalumu ambayo uchachu wake haubadiliki. Uso wa kioo hunywa maji kidogo na kufanya utando laini usioonekana kwa macho. Utando huo ndio uhisio uchachu wa maji ya nje. Uchachu wa nje ukitofautiana na ule wa ndani, hutokea nguvu ndogo ya umeme baina ya pande mbili za kioo. Katika joto la nyuzi 25 za sentigredi, kila daraja moja ya uchachu huleta milivolti 59 hivi. Chombo huihesabu nguvu hiyo, kikaigeuza kuwa tarakimu. Maji ya nje yakiwa 7, nguvu huwa sifuri, ama karibu na sifuri.

Hapo ndipo ilipo siri ya ile 7 ya uongo. Kioo kikipasuka, hata ufa usioonekana, maji ya nje na ya ndani hukutana, nguvu ya umeme hutoweka, na chombo, kwa kuona sifuri, huandika 7. Kichovye katika siki, 7; kichovye katika maji ya majivu, 7 tena.

Kando ya tufe pana sehemu ya pili ambayo watu wengi hawaijui. Ni kitundu kidogo kilichozibwa kwa kigae chenye vinyweleo, au kwa utambi, ambacho nyuma yake mna maji ya chumvi iitwayo kloridi ya potasi. Chumvi hiyo huvuja kidogo sana kupitia kitundu, nayo ndiyo ikamilishayo njia ya umeme. Kitundu kikizibika, tarakimu hutangatanga, hupanda na kushuka bila ya kutulia.

Elektrodi ya kioo ilijulikana Ulaya tangu miaka ya 1906 na 1909, lakini ilikuwa kitu cha wataalamu tu, kwa kuwa umeme wake ni mdogo mno kuupima. Mwaka 1934, huko California nchini Marekani, Arnold Beckman alitengeneza mashine iliyoweza kuupima bila ya taabu, baada ya kuombwa msaada na mkemia wa chama cha wakulima wa matunda aliyetaka kujua uchachu wa maji ya malimau. Kwa hiyo kile kipimo cha mfukoni kilichomo katika droo yako ni mjukuu wa mashine ya mashambani.

Kwa nini hudhoofika

Adui wa kwanza ni ukavu. Utando ule laini ukikauka, kioo huwa kama kioo cha dirisha, hakihisi kitu. Pamoja na hayo, chumvi huganda juu ya kitundu na kukiziba. Adui wa pili ni uchafu: ukoga mweupe wa chokaa kama ule ulio ndani ya birika, mafuta ya vidole, utelezi wa kijani wa pipani, mbolea iliyoganda. Adui wa tatu ni wema usio na maarifa. Wako watu ambao, wakisikia kwamba elektrodi haitaki kukauka, huihifadhi ndani ya maji yaliyokenekwa. Maji hayo, kwa kuwa hayana chumvi yo yote, huinyonya chumvi ya ndani kupitia kitundu, na baada ya miezi michache elektrodi huwa dhaifu ingawa haikukauka hata siku moja.

Adui wa nne ni umri, naye hana dawa. Elektrodi ya kawaida huishi mwaka mmoja au miwili, na ikitunzwa vema huenda ikazidi kidogo. Kwa hiyo usikate tamaa upesi kwa kipimo kilichokauka mwaka mmoja, wala usitumaini sana kile kilichokauka miaka kumi.

Kazi ya kufufua

Anza na umeme. Fungua mahali pa betri. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe juu ya vibati, toa betri, twaa kijiti kilichozungushiwa pamba, ukichovye katika siki, usugue mpaka vibati ving'ae, kisha ufute kwa pamba yenye maji kidogo na uache pakauke kabisa. Tia betri mpya. Vipimo vingi hutangatanga kwa ajili ya betri dhaifu tu, na ni hasara kuilaumu elektrodi isiyo na kosa. Ikiwa kipimo chako ni cha namna ya zamani, chenye sanduku na waya mrefu, hakikisha kwamba kichwa cha waya kinachoingia sandukuni ni kikavu na hakina mafuta. Unyevu kidogo hapo hupoteza umeme wote kabla haujafika.

Sasa tazama kioo. Kigeuze katika mwanga wa jua. Ukiona ufa, acha, kazi imekwisha. Hakuna gundi wala dawa. Ukiona kiputo cha hewa ndani ya tufe, kung'uta chombo kwa mkono kuelekea chini, kama mganga akung'utavyo kipimo cha homa, hata kiputo kipande juu.

Kioo kikiwa kizima, kioshe. Mafuta na utelezi huondoka kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo. Ukoga wa chokaa huondoka kwa siki nyeupe: iache ncha ya kipimo ndani yake kwa robo saa au nusu saa. Waweza kusaidia kwa mswaki laini sana pembeni, lakini tufe lenyewe usilisugue, wala usilikwaruze kwa ukucha, wala usitumie msasa. Watu wengine husema kwamba wenye maabara huamsha kioo kilichozeeka kwa tindikali ya floridi ilayo kioo. Ni kweli wako wafanyao hivyo. Tindikali hiyo hupenya ngozi ikafika mfupani, nayo haina mahali katika kitalu. Bei ya elektrodi mpya ni ndogo kuliko mkono wako.

Baada ya kuosha, loweka. Maji ya kulowekea ni ya kloridi ya potasi. Ukiweza kuyanunua yakiwa tayari, vema. Kama huwezi, twaa gramu 22 za kloridi ya potasi safi, zitie katika chupa yenye alama, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka yafike mililita 100, utikise hata iyeyuke yote. Mbolea ya potasi iuzwayo madukani, ile nyekundu au nyeupe, ni ya ukoo huo huo, walakini ina udongo na takataka, usiitumie. Chumvi ya kula nayo si badala yake.

Neno moja juu ya maji yaliyokenekwa. Watu wengi huyapata kwenye gereji, ambako huitwa maji ya betri. Soma karatasi iliyo juu ya chupa kabla ya kulipa, kwa kuwa gereji hizo hizo huuza pia tindikali ya betri katika chupa zinazofanana.

Iache ncha ya kipimo ndani ya maji ya potasi usiku kucha, na ikiwa kilikauka siku nyingi, usiku wa pili pia. Hakuna haja ya kuzamisha chombo kizima. Tufe na kitundu vikifunikwa yatosha. Kama asubuhi tarakimu zingali zinatangatanga, yamkini kitundu kimeziba. Pasha moto maji yale ya potasi kwa kuweka chupa yake ndani ya sufuria ya maji ya moto, yafikie nyuzi 50 hivi, kisha uchovye ncha ndani yake na uache yapoe polepole pamoja nayo. Joto huyeyusha chumvi iliyoganda ndani ya kitundu. Fanya hivyo mara mbili, si zaidi.

Kusahihisha

Kipimo kilichoamka hakijui bado kipo wapi. Yakupasa kukionyesha maji ambayo uchachu wake wajulikana, mara mbili, katika daraja mbili zilizo mbali. Maji hayo huitwa bafa. Huuzwa katika chupa, au katika vipakiti vya unga ambavyo huyeyushwa katika kiasi cha maji yaliyokenekwa kilichoandikwa juu yake, mara nyingi mililita 250. Sifa ya bafa ni kwamba hushikilia daraja yake hata ikiingiwa na uchafu kidogo.

Hapa yafaa kuvunja mazoea mabaya yaliyoenea. Wako watu wasemao, "Maji safi ni 7, basi nitasahihisha kipimo changu kwa maji yaliyokenekwa." Maneno hayo ni ya kitabuni tu. Maji yaliyokenekwa yakikaa wazi hunywa hewa ya kaboni, yakashuka mpaka karibu na 5.6, na kwa kuwa hayana kitu cha kuyashikilia, hubadilika kwa pumzi na kwa bilauri isiyooshwa vema. Tena kipimo hukawia sana kutulia ndani yake. Mtu atumiaye maji hayo kuwa 7 amekifundisha chombo chake kukosea zaidi ya daraja moja, naye atakiamini kwa sababu amekisahihisha mwenyewe.

Tazama pia namba zilizoandikwa. Kuna vipakiti vya 4.00, 6.86 na 9.18, na kuna chupa za 4.01, 7.00 na 10.01. Zote ni njema, lakini kipimo kinachojisahihisha chenyewe hutazamia jamii moja tu. Ukikipa 6.86 nacho kikadhani ni 7.00, umeanza na kosa la 0.14. Karatasi iliyokuja na chombo husema jamii ipi. Ikiwa imepotea, vipimo vingi huonyesha kwenye dirisha namba vinayoitazamia pindi ubonyezapo kibonyezo cha kusahihishia.

Mimina bafa kidogo katika bilauri ndogo safi, kiasi cha kufunika tufe na kitundu. Ziache bafa na kipimo kivulini pamoja kwa nusu saa, vipate joto moja. Osha ncha kwa maji yaliyokenekwa, uikaushe kwa kuigusisha karatasi laini, bila ya kuifuta, kisha uichovye katika bafa ya 7. Koroga kidogo, uache mpaka tarakimu itulie, ndipo usahihishe. Katika vipimo vya zamani pana vitundu viwili vyenye skrubu ndogo, nawe hugeuza skrubu ya kwanza kwa bisibisi mpaka ionekane 7.0. Daima anza na 7, kwa kuwa ndipo sifuri ya umeme ilipo. Ukianza na 4 utakuwa unajenga paa kabla ya ukuta.

Sasa osha tena, ukaushe, uichovye katika bafa ya 4, lakini usisahihishe bado. Subiri na usome. Hapa ndipo kipimo kitajwapo kuwa hai au mfu, na watu wengi hupita mahali hapa mbio. Ikiwa skrubu ya pili haijachezewa, au ikiwa umefuta kwanza masahihisho ya zamani, elektrodi yenye nguvu itasoma 4.0 au karibu na hapo. Ikisoma 4.15, imebaki na nguvu 95 katika mia, ni njema. Ikisoma 4.45, imebaki na 85 katika mia, nayo ndiyo mpaka: waweza kuitumia kwa kazi ya kitalu msimu huu huku ukiweka akiba ya nyingine. Ikisoma 4.8 au 5, rudi kwenye kuosha na kuloweka mara moja tena. Ikirudia hivyo hivyo, usiilazimishe.

Nasema usiilazimishe kwa sababu skrubu itakubali. Yaweza kugeuzwa mpaka 4.0 ionekane hata kwa elektrodi iliyo mahututi, na kwa saa moja itaonekana kama imepona, kisha huteleza. Ikiwa nguvu imefika 85 au zaidi, geuza skrubu ya pili mpaka 4.0, au bonyeza kibonyezo. Kisha rudi katika 7 uone kama imebaki 7. Ikiwa imehama zaidi ya 0.1, rudia zote mbili.

Upesi wa kujibu nao ni dalili. Elektrodi njema hutulia kabla dakika moja haijaisha. Ikichukua dakika tatu au nne katika bafa, ambayo ni maji mepesi kuyapima, katika maji ya mvua itakuchosha.

Kwa mwenye maji ya magadi mengi, yafaa pia jaribio la tatu, upande wa juu. Bafa ya 9.18 au ya 10 hutumika, ila ile ya 10 huharibika upesi baada ya kufunguliwa kwa kunywa hewa ya kaboni. Aliye karibu na maabara ya shule anaweza kuomba boraksi safi, gramu 3.8, akaiyeyusha katika lita moja ya maji yaliyokenekwa. Hiyo ni 9.18 katika joto la nyuzi 25, nayo ni rahisi sana. Bafa iliyokwisha kutumika imwagwe. Usiirudishe chupani kwa kuona uchungu wa tone chache.

Kupima maji ya pipa

Usichovye katika pipa. Chota maji katika bilauri, osha ncha kwa maji hayo hayo, kisha upime. Kama kipimo chako husahihisha joto chenyewe, ujue kwamba husahihisha hesabu yake tu, hakiyafanyi maji ya adhuhuri kuwa sawa na ya alfajiri.

Ukitaka kupunguza magadi, fanya kwanza jaribio la lita moja, ukihesabu kiasi cha tindikali, halafu uzidishe kwa lita za pipa. Tindikali hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi ndani ya tindikali kamwe. Tindikali ya betri iliyotumika usiiguse kwa kazi hii, ina risasi. Unga wa tindikali ya ndimu ni salama zaidi, lakini vijidudu huula, kwa hiyo maji hayo yatumiwe siku ile ile. Baada ya kukoroga ngoja dakika kadhaa, kwa kuwa maji ya magadi hutoa hewa kama soda, na hewa ikiisha kutoka tarakimu hupanda tena. Mtu mwenye haraka hupima wakati maji yangali yakichemka viputo, akadhani amekwisha.

Tena, kipimo hiki hakisemi kiasi cha magadi kilichomo, bali uchachu tu. Maji mawili yanaweza kuwa 8 yote mawili, na moja likahitaji tindikali mara tano kuliko jingine. Ndiyo maana jaribio la lita moja halina badala. Wala hakisemi neno juu ya floridi, ambayo imo kwa wingi katika maji mengi ya pande za Meru. Kutia tindikali hakuiondoi, na maji yaliyofaa miche hayakuwa kwa hiyo yamefaa mtoto.

Kuhifadhi, na kipimo kisichopona

Kila ukimaliza, osha ncha na utie matone ya maji ya potasi ndani ya kifuniko, au sifongo iliyoloweshwa. Ukikosa maji ya potasi kwa siku chache, bafa ya 4 yatosha. Chumvi nyeupe ikitokea nje ya kifuniko si ugonjwa, ioshe tu. Siku za kazi nyingi kisahihishe kila asubuhi kabla ya kutia tindikali, na siku nyingine mara moja kwa juma. Andika tarehe juu ya chupa ya bafa ulipoifungua, na katika daftari uandike kile ilichosoma katika 4 kabla ya kusahihisha. Ukiona 4.1, halafu 4.2, halafu 4.3, utajua mwezi wa kuagiza elektrodi mpya kabla kitalu hakijakuonyesha.

Kuna chombo kingine ambacho wengi hukichanganya na hiki: kile chenye sindano moja au mbili za chuma, bila ya kioo, kisicho na betri, kinachochomwa udongoni. Hicho hakifufuliwi kwa njia hizi, wala hakifai kupimia maji. Tarakimu yake hufuata unyevu na chumvi ya udongo pamoja na uchachu, na mimi nisingeutegemea kwa kutia tindikali hata kijiko kimoja.

Kipimo kikikataa baada ya kuoshwa na kulowekwa mara mbili, tazama kama kichwa chake hufunguka kwa kuzungusha. Vingine huuzwa elektrodi peke yake, na sanduku la umeme likabaki lile lile. Kama hakifunguki, kiweke mbali na kitalu, au kivunje betri zake, mtu mwingine asije akakiamini. Kwa muda huo tumia karatasi za rangi. Hazisomi sehemu za kumi, bali daraja moja au nusu yake, nazo zatosha kutofautisha maji ya 8.5 na ya 6. Zichovye kwa muda ulioandikwa kwenye kasha, usome rangi kabla haijakauka, tena usome kwa mwanga wa mchana, kwa maana taa ya manjano huibadili rangi ya kijani isijulikane ni ipi.